Ng'ombe Mnono

"Ng'ombe ni mnono," mvulana wa nyuma alijibu kwa Kiingereza.

"Na wewe?" Mwalimu Mwanawetu alimwuliza aliyeketi kando ya mvulana huyo.

"Ng'ombe wa shangazi ni mnono zaidi, Madamu."

Darasa likacheka. Juma zima Mwanawetu amewafundisha vivumishi, mpole, mwoga, katili, nao juma zima wamemrudishia ng'ombe yule yule. Kipande cha muhogo mkavu, alichoandikia badala ya chaki isiyopatikana hata sokoni Kikuubo, kilimvunjikia vidoleni kikaanguka.

"Ng'ombe basi. Nipeni sentensi yenye mtu ndani yake."

Hatimaye msichana wa dirishani akasimama.

"Wanajeshi waliomchukua baba walikuwa wakatili."

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Kwenye dawati la mbele, binti wa kepteni wa jeshi alishika kalamu akingoja. Ndiyo desturi ya darasa lile: sentensi sahihi huandikwa ubaoni, na chini yake jina la aliyeitunga, kisha wote huinakili na kwenda nayo nyumbani.

"Nimekosea, Madamu?" msichana aliuliza, angali amesimama.

Mwanawetu aliinama akaokota muhogo. Hasira yake yote ya juma lile sasa ilimgeukia mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewanyang'anya ng'ombe wao.

"Hukukosea. Keti, mwanangu."

Akaiandika sentensi neno kwa neno. Chini yake, mahali pa jina la mwanafunzi, akaandika lake mwenyewe, kwa herufi kubwa.