CD Mlangoni

Kitwana, fundi wa kompyuta, alimrudishia Bi Tunu laptopu yake kwa majivuno. Mwezi mzima alikuwa nayo. Alikuwa ametoa mashine ya kusomea CD na mahali pake ameingiza diski ya pili.

"Sasa utahifadhi mpaka uchoke, mama."

"Na CD iliyokuwa ndani?"

"CD gani?"

"Ya harusi yangu! Marehemu mume wangu anaimba mle. Niliiacha uihamishie humo kwenye diski."

"Hukusema. Kinachotoka ndani ya mashine ni cha fundi, mama. Ndiyo desturi yetu."

"Desturi! Daktari akikupasua, anabaki na figo lako?"

Kitwana akaonyesha mlangoni kwa kidole. CD nyingi zilining'inia pale kwa nyuzi, pambo la duka, zikimeremeta.

"Umemwanika mume wangu juani?"

Bi Tunu alivuta stuli, akapanda. Alizigeuza moja moja akitafuta jina lake na la mumewe, aliyoyaandika kwa kalamu ya wino. Jua lilikuwa limefuta maandishi yote.

"Lete mkasi," alisema. "Nazichukua zote."

Upepo ukavuma, CD zikazunguka, na kila moja ikamrudishia uso wake mwenyewe.