Mlango Namba Saba

Ndege Mnana alikuwa bingwa wa kuchora ramani za viota kwa kompyuta, lakini haraka ilikuwa ugonjwa wake. Asubuhi moja ya masika, wateja wakingoja, programu yake ya kuchorea ilikataa kufunguka. Kompyuta iliandika: "Mlango namba saba una mtu." Ndani ya kompyuta kila programu hupitia mlango wenye namba, na mlango mmoja hauingii programu mbili kwa pamoja.

Mnana alifura. Kompyuta ile aliitumia pamoja na Kanga, ambaye programu yake iliwasha taa ya kuyapasha joto mayai yake kumi na mawili.

"Ni Kanga huyu! Kanikalia mlango," alifoka.

"Ngoja kwanza tuangalie nani yumo," alisema Konokono, fundi wa mitambo, akianza kutambaa kuja mezani.

"Ukifika wewe, masika yatakuwa yamekwisha!"

Mnana akaizima programu ya Kanga, taa ikazimika. Akajaribu tena, lakini mlango bado ulikuwa na mtu. Alijaribu mpaka jua likawa utosini, na ile taa hakuikumbuka.

Alasiri Konokono aliwasili, akaangalia. "Aliyemo ni programu yako mwenyewe, Mnana. Jana uliificha tu, hukuifunga."

Mnana aliifunga, akaifungua upya, na viota vikajaa kwenye kioo. Hapo Kanga akaingia. Aligusa yai la kwanza, la pili, kisha yote. Yalikuwa baridi kama mawe.

"Nani kaizima taa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, dada," Mnana alijibu, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya polepole siku ile.