Funzo la Mwajabu

Mwajabu, mkunga wa zahanati, alifungua daftari lake la mafunzo mbele ya muuguzi mkuu, Bi Rukia. Kila mkunga huandika humo alichojifunza kazini. Asiyeandika hapewi leseni mpya. Asubuhi hiyo kichanga kilikuwa kimemfia mikononi, kwa kuwa alichelewa kuita gari la wagonjwa.

“Andika, binti yangu. Umejifunza nini?”

“Kuita gari mapema, mama.”

“Basi si uandike hilohilo!”

“Nilishaliandika, mama, alipokufa yule mtoto wa kwanza. Ukapiga mhuri, ukausifu hata mwandiko wangu.”

Bi Rukia akavua miwani.

Nyuma ya pazia mzazi wa kichanga hicho alikuwa ameamka.

“Mkunga, mwanangu bado kalala tu? Niletee anyonye, maziwa yananichuruzika.”

Mwajabu akalishika pazia, asilifungue.