Kasha la Tukuswiga

Kila nyumba ilipewa kiasi chake cha sauti kwa siku, na kipimo cha ukutani kikifika mwisho, umeme ulikatwa mpaka kesho yake. Mashine ya Tukuswiga, aliyoitumia kuchonga magoti ya chuma kwa ajili ya watu waliokatwa miguu, ilimaliza karibu sauti yote ya nyumba. Kwa hiyo, tangu binti yao Lusajo azaliwe, yeye na mumewe Ambilikile walizungumza kwa kunong'ona tu, ili watu wapate kutembea.

Mwaka huu Tukuswiga akaamua kuijengea mashine kasha. Alikata mbao, akazibandika sifongo za magodoro chakavu kwa ndani, akaweka mlango wa plastiki nene inayoonyesha ndani, kisha akaziba kila mwanya kwa mpira. Vipande vya chuma vya moto vilivyozoea kumrukia usoni sasa vingeishia humo humo. Ambilikile alimshikia bawaba huku akistaajabia mikono ile isiyobahatisha.

Tukuswiga alipowasha mashine, ilisikika kwa mbali kama feni. Mshale wa kipimo haukutikisika.

"Mama Lusajo, wewe ni fundi kweli kweli!" Ambilikile alisema kwa sauti yake yote, machozi yakimlengalenga. "Lusajo, mwanangu, imba! Piga kelele upendavyo!"

Lusajo, aliyekuwa na miaka sita, alirudi nyuma ya mama yake akaziba masikio.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini baba amekasirika?"