Zoezi la Kuanguka

"Sikio linaniuma," kijana alisema, ndege ikiwa imeshapanda juu ya mashamba. "Labda tusifanye zoezi la kuanguka leo."

Mwanamke aliyekaa kando yake alimtupia jicho. Alikuwa mtu wa makamo, mvi zimechomoza chini ya vipokea sauti, na aliongea kama asiyejua haraka ni nini. "Sikio gani?"

Kijana akasita. "La kushoto."

"Juzi lilikuwa la kulia," mama alisema bila kucheka. "Haya, mwanangu. Tuzunguke tu, tukatue."

Walipotua, kijana alijifanya anakagua tairi ili wasiongozane kwenda ofisini. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu.

Zoezi lenyewe halikuwa siri kwa mtu yeyote pale chuoni. Unapunguza nguvu ya injini, unainua pua ya ndege mpaka mbawa zishindwe kushika hewa. King'ora kinalia, ndege inaporomoka. Hapo unasukuma usukani mbele, pua inashuka, unaongeza nguvu, ndege inaruka tena. Kila rubani hulipitia. Kijana aliweza kulieleza hata usingizini. Kulifanya ndiko kulikomshinda.

Mwaka uliopita, katikati ya zoezi hilo hilo, ubawa mmoja ulilala na ndege ikaanza kuzunguka kama kishada kilichokatika uzi. Aliiokoa ndege, miti ikiwa imeshamsogelea. Alikuwa peke yake, na hakumwambia mtu. Tangu hapo, zoezi likitajwa tu, viganja vinalowa jasho na ulimi unatafuta kisingizio kabla ya akili: mawingu, upepo, mafuta, sikio.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mama yake mzazi alilipiga pasi shati lake jeupe lenye mistari mabegani taratibu, kola mara mbili, kama la bwana harusi. Jioni ile shangazi alikuja kuwatembelea, na mama yake hakungoja hata aketi.

"Rubani wetu huyo, wifi. Muone hivyo hivyo alivyo kimya. Huko juu haogopi kitu."

Kijana aliinamia sahani yake.

Asubuhi alimkuta yule mama wa chuoni ameshafika, anapangusa kioo cha ndege kwa kitambaa.

"Kabla hujaniambia habari za mawingu," mama alisema, "ujue ningeweza kwenda kwa mkuu wa chuo siku nyingi. Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila ukikataa, mikono yako inatetemeka. Nimelea watoto mimi. Mtegaji namjua, na aliyeingiwa na hofu namjua pia."

Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitazama sakafu ya karakana, yenye madoa ya mafuta. Kisha, kwa sauti ya chini, akamsimulia yote: ubawa uliolala, miti, na jinsi alivyotua akakaa ndani ya ndege mpaka injini ikapoa.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakumpa pole wala hakumcheka.

"Basi leo tupande juu kuliko siku zote," alisema. "Utafanya wewe kwanza. Mimi nitakaa nikuangalie."

Walipanda mpaka barabara zikawa nyembamba kama nyuzi. Kijana akapunguza nguvu, akavuta usukani. Pua ikainuka, mbele yao ikabaki anga tupu. King'ora kilipolia tu, akasukuma usukani kwa pupa.

"Hukulimaliza hilo," mama alisema.

"Najua."

"Rudia."

Safari hii aliacha king'ora kilie. Ndege ikatikisika, na ubawa wa kushoto ukalala vile vile kama siku ile. Mikono ikaganda. Kando yake mama hakugusa kitu. Kijana akasukuma usukani mbele, akakanyaga pedali ya kulia, akaongeza nguvu ya injini. Mashamba yakaacha kuzunguka, yakarudi mahali pake.

Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa amebana pumzi. Machozi yalimlengalenga, na aliyaonea haya kuliko hata hofu.

"Sasa zamu yangu," mama alisema. Akalifanya zoezi bila papara, akalirudia, ndege ikimtii kama mtoto aliyelala mgongoni.

Waliporudi, mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mikono kiunoni. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Nimechoka kusubiri," alisema. "Mwalimu, nipe jibu leo. Mwanafunzi wako anaweza kuruka peke yake, au hawezi?"

Mama akamtazama kijana.

"Mwanafunzi wangu anaweza, mkuu," akajibu kijana. "Angeweza tangu mwezi uliopita. Niliyemchelewesha ni mimi."