Dakika Tatu za Serikali

Tangu asubuhi mkaguzi wa serikali alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Zamda, opereta wa simu. Tangazo jipya lilibandikwa mbele yake: kila simu dakika tatu kwa shilingi moja, anayetaka zaidi arudi foleni, na opereta atakayempa mtu muda wa bure atafungwa. Mwenzake alichukuliwa wiki iliyopita kutoka kiti hiki hiki.

Masikioni mwake mkunga wa mjini alikuwa akimwelekeza mwanamume wa mbali, aliyekuwa peke yake na mkewe.

"Kichwa kimetoka, lakini kitovu kimemzonga shingoni," mwanamume alisema.

" Usivute, baba. Pitisha kidole taratibu."

"Hapumui, mama."

Mchanga kwenye saa ya kioo iliyopima dakika tatu za simu ulikuwa unakaribia kwisha. Zamda akashika waya wa simu hiyo ili auchomoe. Akauachia. Akaichukua ile saa na kuilaza ubavu mezani, mchanga ukasimama.

Nyuma yake viatu vya mkaguzi vikalia hatua moja. Kisha mkono wenye pete ukapita juu ya bega lake, polepole, ukielekea kwenye saa iliyolala.