Mita Sabini

Fyuuuu! Kimya. Halafu: pu!

Wanawake waliokuwa wakianika nguo kando ya uwanja wa mpira wa mtaa wa Pangani, Kibaha, waliinama kabla hawajajua wanakwepa nini. Chubwi la risasi, lile zito la kuzamishia mshipi wa kuvulia, nene kama limau, lilikuwa limetua ndani ya beseni la Maua, katikati ya mashuka.

“We Fundi! Bahari iko Dar, hapa Kibaha! Unavua mashuka yangu?”

“Samahani, dada Maua.”

Jabiri, fundi simu wa mtaa wa Kwa Mathias, akazungusha rili ya ufito wa kuvulia aliokuwa ameushika. Mshipi ukarudi, na shuka moja nyuma yake.

Mzee Matano, aliyesimama kando yake, alisonya. Alikuwa amevua ufukweni miaka thelathini kabla ya kuhamia Kibaha, na ufito ule mrefu ulikuwa wake.

“Bega la kulia limeshuka, Fundi. Bega likishuka, chubwi linakwenda linakotaka lenyewe. Samaki wakubwa hawakai penye povu, wako nyuma ya wimbi. Usipigane na wimbi. Lipite kwa juu.”

“Nyuma ya wimbi ni mita ngapi, mzee?”

“Sitini. Sabini.”

“Sabini zinanitosha.”

Mwezi mzima ilikuwa hivyo. Jabiri aliuliza habari za upepo, za kidole kinachoachia mshipi, za kulenga. Za ndoana na chambo hakuuliza hata siku moja. Mzee aliliona hilo, akaendelea kufundisha. Kibaha nzima hakuwa amepata mtu mwingine wa kumsikiliza.

Majirani walijua kinachomsumbua Fundi: Mwanaasha, binti aliyetaka kumwoa. Barua ya posa ya Fundi ilikuwa imerudishwa langoni mara mbili, bahasha haijafunguliwa. Baba wa binti hakuwa amemwona mwoaji. Kwa desturi alikuja mshenga tu, akasema kijana ni wa Tabora. Lakini aliapa mtaa ukisikia: “Barua ya mtu wa Tabora haipiti lango hili nikiwa hai!” Na Jumatatu angepokea posa ya kijana mwingine, mwenye lori.

“Baba hana udhaifu duniani ila samaki wa baharini,” Mwanaasha alikuwa amemnong'oneza.

Basi watu wakacheka chinichini, wakasema Fundi anajifunza kuvua mahari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatatu hiyo, mshenga Shabani alitoka Mzenga kwa pikipiki, akaipeleka barua mara ya tatu. Alirudi anahema, kanzu imechanika pindoni.

“Hata maji sikupewa,” alimwambia Jabiri. “Nimepewa mbwa. Mwanangu, mimi basi.”

Jabiri akaipokea bahasha, akaipangusa vumbi. “Asiyefunguliwa mlango si lazima alale nje,” alisema, akaenda uwanjani.

Mzee Matano alichelewa siku hiyo, uso umemvimba kwa hasira.

“Siku hizi watu hawajui kubisha hodi mara moja wakaelewa,” alinung'unika. “Haya, shika ufito.”

Jabiri akarusha mara ishirini. Mara kumi na tisa chubwi lilitua ndani ya duara alilochora. Mara moja lilimpata kuku wa Maua, lakini mita sabini zilitimia.

“Mzee, naomba uniazime ufito kesho. Nataka kwenda kujaribu kweli.”

“Chukua. Usiniaibishe.”

Jumapili alasiri Jabiri hakupanda basi la Dar. Alisimama chini ya mkorosho palepale Pangani, akitazama ukuta wenye vipande vya chupa juu yake na lango la chuma lililofungwa. Hatua alikwisha kuzihesabu: mita sabini. Mahali pa ndoana alifunga mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, bahasha.

Akasubiri upepo. Bismillahi.

Fyuuuu! Kimya. Pu!

Ng'ambo ya ukuta kikombe kilianguka, mbwa akabweka. Kisha mshipi ukakazika, kama umeshikwa na mkono. Pakapita kitambo, urefu wa mtu kusoma ukurasa mmoja na kuurudia tena kutoka juu.

“Bega!” sauti ikanguruma kutoka ndani. “Bega la kulia bado linashuka, Fundi! Mwezi mzima nimekufundisha nini?”

Jabiri akasimama wima kama askari. “Shikamoo, Mzee Matano.”

“Marahaba. Mimi niliapia lango, hewa sikuiapia. Mwambie mshenga wako awahi kesho, kabla ya watu wa lori. Mbwa nitamfunga mwenyewe.”